Hana kazi au hana ajira? Jinsi ya kupima nguvukazi ya mtaa wako

Muulize kijana aliyekaa juu ya pikipiki yake kijiweni Mbauda, Arusha, "Una ajira?" Atajibu hana, anabangaiza tu. Muulize mama anayepanga mafungu ya nyanya mbele ya nyumba yake kule Pasua, Moshi, anafanya kazi gani. Atakwambia yeye ni mama wa nyumbani. Kwa lugha ya mtaani wote wawili wamesema kweli, maana kwetu "ajira" ni ile yenye barua, mshahara wa mwisho wa mwezi na makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwa hesabu za uchumi wote wawili wana kazi, na ukiyaandika majibu yao kama yalivyotoka mdomoni utarudi na mtaa ambao nusu ya watu wake "hawana ajira" ilhali kutwa nzima huwaoni wamekaa.

Kwa hiyo ugumu wa somo hili hauko kwenye kugawanya na kuzidisha kwa mia. Uko kwenye swali unalouliza, na kwenye namba unayoiweka chini ya mstari wa kugawanyia. Maelezo haya yanamfaa mwanafunzi wa Uchumi wa kidato cha tano na sita, ofisa wa kata anayetakiwa kupeleka taarifa, au yeyote anayetaka kuielewa namba anayoisikia kwenye taarifa ya habari.

Makundi matatu, na nani anatangulia

Chukua wakazi wote wa mtaa. Kwanza waondoe walio chini ya miaka 15. Usichanganye hapa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, lakini kipimo cha nguvukazi Tanzania kinaanzia miaka 15. Juu hakuna kikomo. Mzee wa miaka 72 anayeuza viatu vya mtumba soko la Memorial, Moshi, anahesabiwa sawa na kijana wa 22. Umri wa kustaafu wa miaka 60 ni habari ya mwajiri na pensheni, hauhusiki hapa.

Waliobaki wanagawanyika mara tatu. Wenye kazi ni wale ambao katika siku saba zilizopita walifanya shughuli ya kuwapatia kipato, kwa fedha au kwa vitu, hata kwa saa moja, pamoja na wale wenye kazi yao ambao wiki hiyo hawakuwepo kwa sababu ya likizo, ugonjwa au uzazi. Wasio na ajira ni wale ambao hawakufanya hata saa moja, wako tayari kuanza wakipata, na katika wiki nne zilizopita walichukua hatua ya kutafuta. Masharti ni matatu na yote lazima yatimie. Anayebaki nje ya makundi haya mawili yuko nje ya nguvukazi: mwanafunzi asiyefanya wala kutafuta kazi, mgonjwa, mzee aliyepumzika, mtu anayelea watoto nyumbani, na pia aliyekata tamaa akaacha kutafuta.

Nguvukazi ni kundi la kwanza kujumlisha la pili. Mtu ambaye hana kazi wala hatafuti hayumo.

Kazi inatangulia kila kitu, kisha kutafuta kazi, kisha mengine yote. Mwanafunzi wa chuo anayeendesha bodaboda Jumamosi tu ni mwenye kazi. Saa moja kwa wiki inaonekana kichekesho, na wengi hukigomea kipimo kizima kwa sababu yake. Lakini iliwekwa makusudi, ili kazi ndogo zote zinaswe na jumla ya kazi ioane na jumla ya uzalishaji. Uchache wa saa una kipimo chake, tutakifikia.

Kabla ya kutoka: wiki gani, kaya zipi

Pitia kwanza ofisi ya mtaa na barua yako ya utambulisho, uonane na mwenyekiti na uombe orodha ya kaya. Bila hivyo mjumbe atakusimamisha kwenye geti la pili. Kama mtaa una kaya 700 na unataka 70, chukua moja katika kila kumi: andika namba 1 hadi 10 kwenye vikaratasi, okota kimoja, anzia hapo. Ukiokota 4, unakwenda kaya ya 4, ya 14, ya 24, hadi mwisho. Kaya moja huchukua kama dakika 20, kwa hiyo wadodosaji wawili watamaliza kwa Jumamosi mbili, wakiweka na jioni za kurudia.

Hizo jioni za kurudia ndizo zinazookoa kazi. Kosa linaloharibu dodoso nyingi za mitaani ni hili: unagonga saa nne asubuhi, hakuna mtu, unahamia kwa jirani ambaye yupo. Aliyepo nyumbani saa nne asubuhi ana uwezekano mkubwa wa kuwa hana kazi. Aliyefunga mlango yuko soko la Kilombero anashusha mizigo. Ukibadilisha hivyo kaya kumi tu, kiwango chako kinapanda bila mtu yeyote kupoteza kazi. Rudi mara tatu, mojawapo ikiwa baada ya saa moja usiku, ndipo uandike "hawakupatikana". Usimweke jirani.

Kisha chagua wiki ya rejea, yaani wiki utakayoulizia, Jumatatu hadi Jumapili iliyotangulia, na iwe hiyohiyo kwa kila kaya. Kwa Arusha na Moshi uchaguzi huu una uzito. Wiki ya pili ya Mei masika bado yanamwagika, watalii wachache, magari ya safari yamepaki, wagumu (wapagazi) wa Mlima Kilimanjaro wako nyumbani. Wiki ya pili ya Agosti geti la Machame limejaa watu na mizigo tangu asubuhi, na huko vihambani uchumaji wa kahawa umeanza. Mtaa uleule, watu walewale, viwango viwili tofauti kabisa. Ndiyo maana utafiti mzuri wa nguvukazi hutawanywa kwenye robo zote za mwaka. Wewe wa Jumamosi mbili huwezi, basi angalau andika tarehe.

Maswali, kwa mpangilio huu na si mwingine

Neno "ajira" lisitoke mdomoni mwako hadi mwisho. Anza hivi:

1. "Katika wiki ya Jumatatu tarehe fulani hadi Jumapili tarehe fulani, ulifanya kazi, biashara au shughuli yoyote ya kukuingizia hela au chochote, hata kwa saa moja?"

Akisema hapana, usihamie swali la pili bado. Chokonoa: "Hata kuuza genge, kufua kwa mtu, kibarua shambani, saidia fundi, kusuka nywele, kupeleka abiria, udalali, kumsaidia mzazi dukani?" Hapo ndipo mama wa nyumbani anapokumbuka nyanya zake, na kijana anapocheka na kusema, "Aa, kama ni hivyo basi juzi nilibeba zege kwa jamaa." Akitaja mkeka wa mpira, mpe pole uendelee. Kubeti si kazi hata akishinda.

2. "Je, una kazi au biashara ambayo wiki hiyo hukuwepo lakini utairudia?" Akisema ndiyo, uliza kwa nini hakuwepo na atarudi lini.

3. "Katika wiki nne zilizopita, umefanya nini ili upate kazi au uanzishe biashara?" Usiulize "unatafuta kazi?" kwa sababu kila mtu atasema ndiyo. Unataka kitendo: alipeleka barua, alituma maombi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, alikwenda ofisi za kampuni za utalii kuulizia safari, alimpigia fundi, alitafuta fremu, alipeleka maombi ya mkopo wa kikundi halmashauri.

4. "Ukiitwa kazini leo, unaweza kuanza ndani ya wiki mbili?"

5. Kwa wenye kazi tu: "Ulifanya saa ngapi kwa wiki nzima, na ungependa saa zaidi kama zingepatikana?"

Kila mtu ajijibie. Baba akimjibia kijana wake atasema "huyu hana kazi" huku kijana ni winga stendi mwezi wa tatu sasa. Waume nao husahau biashara ndogo za wake zao. Kama mhusika hayupo, panga kurudi.

Watu watakaokusumbua

Mgumu aliyeshuka mlimani Jumanne ya wiki ya rejea ana kazi, hilo halina mjadala. Aliyeshuka wiki tatu zilizopita ni tofauti. Atakwambia "mimi ni mgumu, hiyo ndiyo kazi yangu", lakini hana mkataba unaomsubiri. Kila safari ni makubaliano mapya. Swali la pili kwake jibu ni hapana. Kama amezunguka kwa maguide kuulizia safari, hana ajira. Kama amekaa akisubiri Juni ifike, yuko nje ya nguvukazi kwa kipimo kikali, kile cha kimataifa chenye masharti matatu. Mlinganishe na dereva wa kampuni ya safari mwenye mkataba wa mwaka aliyepewa likizo mwezi wa tano. Huyo ana kazi, hayupo tu.

Bodaboda aliyekaa kijiweni kutwa asipate abiria hata mmoja alikuwa kazini. Vivyo hivyo broka wa madini aliyezunguka wiki nzima na jiwe mfukoni bila kupata mnunuzi. Kusubiri mteja ni sehemu ya biashara. Kutopata mteja ni tatizo la kipato, na kipato hatukipimi hapa.

Kijana anayekaa kwenye duka la spea la baba yake bila kulipwa ana kazi. Dada wa kazi anayepewa chakula na malazi tu ana kazi pia, malipo yake ni ya vitu. Lakini aliye kwenye mafunzo kwa vitendo bila malipo yoyote, au anayejitolea, hahesabiwi kuwa na ajira kwa utaratibu ambao mkutano wa wanatakwimu wa kazi wa Shirika la Kazi Duniani uliupitisha Geneva mwaka 2013.

Utaratibu huohuo ndio unaoleta vuta nikuvute vihambani. Mzee wa Kibosho ana migomba, maharage na mbuzi wawili. Kama mazao ni hasa ya kula nyumbani, anafanya kazi lakini si ajira, na yuko nje ya nguvukazi isipokuwa anatafuta kitu kingine. Kama lengo kuu ni kuuza kahawa na ndizi, ana ajira. Muulize: "Mazao haya kwa sehemu kubwa ni ya kuuza au ya kula?" Usimkadirie kwa macho. Ukilinganisha takwimu za kabla na baada ya mabadiliko hayo bila kujua ni utaratibu upi ulitumika, utadhani maelfu ya wakulima wameacha kazi kwa usiku mmoja.

Mhitimu aliyetuma maombi miezi miwili iliyopita na tangu hapo anasubiri simu hajatimiza sharti la wiki nne. Inauma kumwandika nje ya nguvukazi, lakini muandike hapo, kwenye safu ya pembeni yenye kichwa "yuko tayari, hakutafuta". Safu hiyo utaihitaji muda si mrefu.

Hesabu yenyewe

Tuseme umehesabu mtaa mzima wenye watu 1,000. Namba hizi ni za mfano tu. Watoto chini ya miaka 15 ni 360, wamebaki 640. Wenye kazi 430, wasio na ajira 30, walio nje ya nguvukazi 180. Jumlisha uhakikishe: 430 + 30 + 180 = 640. Isipotimia, kuna mtu umemwandika mara mbili.

Nguvukazi ni 430 + 30 = 460.
Kiwango cha ushiriki ni 460 ÷ 640 = asilimia 71.9.
Kiwango cha ukosefu wa ajira ni 30 ÷ 460 = asilimia 6.5.
Uwiano wa wenye kazi kwa watu wa umri wa kazi ni 430 ÷ 640 = asilimia 67.2.

Wanafunzi wengi hukosa alama kwa kugawanya 30 kwa 640, wakapata 4.7, au kwa 1,000, wakapata 3.0. Kigawanyo cha ukosefu wa ajira ni nguvukazi, basi. Pia 67.2 na 6.5 hazitoi jumla ya mia na hazipaswi kutoa, kwa kuwa vigawanyo ni viwili tofauti.

Sasa ile safu ya pembeni. Katika wale 180, tuseme 40 wako tayari kufanya kazi ila hawakutafuta. Tanzania ina tafsiri yake ya kitaifa ambayo ni pana kuliko ya kimataifa: inawaingiza hao, na inawaingiza pia wenye kibarua cha kubahatisha wasio na uhakika wa kesho. Tukiwaongeza 40, wasio na ajira wanakuwa 70 na nguvukazi 500, kiwango asilimia 14.0. Tukiwahamisha na vibarua 12 kutoka kundi la wenye kazi, wasio na ajira ni 82, nguvukazi inabaki 500 kwa sababu hao walikuwemo tayari, na kiwango ni asilimia 16.4. Mtaa mmoja, 6.5 na 16.4, na hakuna aliyedanganya. Ukisikia wawili wakibishana redioni kuhusu ukosefu wa ajira nchini, mmoja na namba ndogo ya kimataifa, mwingine na namba kubwa ya kitaifa, kwa kawaida ugomvi wao ni huu.

Bado kuna ajira pungufu, ambayo kwa mji wa vibarua naiona ina maana kuliko zote. Ni wenye kazi waliofanya chini ya saa 40 kwa wiki ambao wangetaka kuongezewa. Tuseme ni 60 kati ya 430, yaani asilimia 14.0. Ukijumlisha wasio na ajira 30, wenye saa pungufu 60 na waliokaa pembeni 40, unapata watu 130. Gawa kwa 500, asilimia 26.0. Mtu mmoja kati ya wanne ana nguvu ambayo mtaa haujaitumia. Namba ya 6.5 peke yake isingekuonyesha hilo.

Kiwango kinaposhuka na hali inazidi kuwa mbaya

Mwezi uliofuata, 15 kati ya wale 30 wanachoka kuzunguka, wanakaa. Wenye kazi ni walewale 430. Wasio na ajira sasa 15, nguvukazi 445, kiwango asilimia 3.4. Hakuna hata mmoja aliyepata kazi na kiwango kimeshuka karibu nusu.

Geuza upande wa pili. Juni inakaribia, kampuni zinaanza kuita watu, na vijana 30 waliokuwa nje wanaanza kupeleka CV. Kabla yeyote hajaitwa, wasio na ajira ni 60, nguvukazi 490, kiwango 12.2. Kimepanda kwa sababu watu wamepata matumaini. Kwa hiyo usisome kiwango cha ukosefu wa ajira bila kutazama kiwango cha ushiriki na uwiano wa wenye kazi vilivyo pembeni yake. Kama cha kwanza kimeshuka na uwiano haujapanda, tafuta waliokwenda pembeni.

Sababu ni ipi

Vitabu hutaja aina nne, na kuzitofautisha kuna faida pale tu unapotaka kutoa ushauri. Aliyeacha hoteli moja akisubiri kuanza nyingine baada ya wiki tatu yuko kwenye mpito. Hata uchumi mzuri unao watu hawa. Mgumu wa mwezi wa nne ni wa msimu. Aliyekuwa fundi mitambo kiwanda cha matairi cha General Tyre, Arusha, kiwanda kikasimama, ujuzi wake ukakosa mahali pa kwenda hapa mjini, ni wa kimuundo. Mwaka 2020 mipaka ya nchi nyingi ilipofungwa kwa korona, guide hodari mwenye lugha tatu na leseni alikaa nyumbani kama asiye na ujuzi wowote: huo ni upungufu wa mahitaji, ule wa mzunguko wa uchumi. Kumpeleka guide huyo VETA akajifunze utalii kusingemsaidia chochote. Alichokosa ni mgeni. Fundi wa matairi, kinyume chake, hata wageni wakijaa hoteli zote hatafaidika moja kwa moja.

Ukiwa umetumia sampuli

Kama hukuhesabu mtaa mzima, kiwango chako kina mtetereko, yaani kiwango halisi kinaweza kuwa juu au chini yake. Tuseme sampuli imekupa watu 120 ndani ya nguvukazi na kiwango kimetoka asilimia 6.5. Zidisha 0.065 kwa 0.935, gawa kwa 120, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 2. Unapata takribani 0.045, yaani pointi 4.5 kila upande. Kiwango halisi cha mtaa kinaweza kuwa kati ya 2 na 11. Ukirudi mwakani ukapata 8, usiandike kwamba ukosefu wa ajira umeongezeka. Sampuli hiyo haina uwezo wa kulisema hilo. Kuvunja matokeo zaidi, wanawake peke yao au vijana wa miaka 15 hadi 24 peke yao, kunakuachia watu 20 au 30 kwa kila kundi, na hapo unapiga ramli.

Mstari wa matokeo unaopeleka ofisi ya kata uandikwe hivi, wote kwa pamoja: wiki ya rejea kwa tarehe, idadi ya kaya zilizochaguliwa na zilizojibu, umri ulioanzia, tafsiri uliyotumia (kali ya kimataifa au ya kitaifa), kiwango cha ushiriki, kiwango cha ukosefu wa ajira na mtetereko wake. Madodoso yenye majina yafungie kabatini. Mwenyekiti wa mtaa akiomba kuona nani alijibu nini, mpe jedwali la jumla peke yake, maana uliwaahidi watu mlangoni.